Mwongozo kamili: kuikalisha ramani ya zamani ya bonde la mto Escalante kwenye QGIS bila kuteleza

Wakuu, naandika hii (kukalisha ramani, yaani georeferencing, ni kuipa skani koodineti zake za kweli) kwa sababu swali linarudi lile lile: "nimeshusha ramani ya zamani, nimeweka pointi zangu vizuri tu, mbona mto unapanda juu ya mlima?" Skrinishoti zinafanana mpaka unadhani anayetuma ni mtu mmoja. Na ukizikagua, mara nyingi mkono wa aliyekliki hauna shida hata kidogo. Shida ni alichoiambia QGIS, ile programu ya ramani, kuhusu ile karatasi. Karatasi ya 1886 ina projeksheni yake (namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) na datumu yake (msingi ambao koodineti zinapimiwa), we unaiambia ni WGS84 (datumu ya GPS), programu inakuamini, inafanya ulichoomba, ramani inateleza, halafu unaanza kusogeza pointi moja moja kwa hasira.

Mfano tutakaotumia ni bonde la mto Escalante, kusini mwa Utah huko Marekani. Nimelichagua makusudi. Ni mbali kweli kweli, miamba ya mchanga iliyochanwa makorongo, na ndo mto wa mwisho kuingizwa kwenye ramani ya Marekani ukiacha Alaska, mwaka 1872. Ramani zake ni bure na hazina hakimiliki. Halafu sehemu ya chini ya bonde imezama kwenye ziwa Powell, kwa hiyo zile pointi rahisi ambazo watu wamezoea kukimbilia hapa hamna. Ukiliweza hili, shiti (karatasi za ramani) za nyumbani hazitakusumbua.

## Andaa hivi kwanza

- Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha, na QGIS kuanzia toleo 3.26. Kuanzia toleo hilo dirisha la Georeferencer linakubali uandike koodineti za pointi kwa mfumo mmoja huku ramani ya mwisho ikitoka kwa mfumo mwingine. Bila hicho kitu hatua ya 4 itakutesa.
- Shiti ya Escalante ya 1:250,000, ya miaka ya 1880, kutoka kwenye tovuti ya topoView ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani). Inafunika nyuzi 37 hadi 38 kaskazini na 111 hadi 112 magharibi.
- Shiti za dakika 15 (robo ya nyuzi kila upande) za miaka ya 1950 (1:62,500) zinazogusa sehemu ya chini ya bonde. Hizi zilichorwa kabla ya ziwa.
- Data ya mwinuko ya leo, ikiwezekana ile ya USGS ya mita 10 hivi. SRTM (data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani) ya mita 30 itakusaidia kwa shiti ya 1886 lakini kwenye kuta za korongo inachafuka sana.
- Daftari na kalamu. Sitanii.
- Bando la kueleweka, faili moja la skani linaweza kula makumi ya MB.

Kabla hamjaniuliza: topoView inatoa faili za GeoTIFF ambazo tayari zimekalishwa, kwa nini tujisumbue? Kama unataka tu kuitazama shiti ya 1950, chukua GeoTIFF, fungua, kazi imeisha, usisome zaidi. Ila kama unataka kupima kitu, au una skani kutoka maktaba ambayo haijui ipo wapi duniani, au unataka kujua kosa ni la kwako au ni la mpimaji, lazima ujue kuikalisha mwenyewe. Kwa hiyo shusha zote mbili, JPEG ya kufanyia mazoezi na GeoTIFF ya kujisahihisha.

## Hatua ya 1: Soma pembeni ya karatasi kabla ya kugusa programu

Andika kwenye daftari: skeli, tofauti ya kimo kati ya kontua na kontua (mistari inayounga sehemu za kimo kimoja), koodineti za kona nne, mwaka wa upimaji, mwaka wa toleo, na mwaka wa kuchapwa tena kama upo.

Hiyo miaka mitatu ndo inawachanganya watu. Shiti inaweza kuchapwa tena miongo kadhaa baadaye bila mstari hata mmoja kubadilishwa. Mtu anaona mwaka mkubwa pembeni anasema "hii ni hali ya mwaka huo", kumbe mlima ulichorwa enzi za babu yake babu. Unachokitaka ni mwaka wa upimaji.

Kwenye shiti nyingi za mwanzo za nchi hiyo kavu, kontua zimeachana futi 250. Kumbuka hiyo namba, itarudi.

Umefaulu ukiwa na: ukurasa mmoja ambao mtu mwingine akiusoma ataijua shiti yako bila kuiona.

## Hatua ya 2: Jua mapema kosa gani linakubalika

Hii hatua watu wote wanairuka, halafu wanaanza kufukuza usahihi ambao karatasi yenyewe haina.

Chukua nusu milimita, zidisha kwa skeli. Kwenye 1:250,000 ni mita 125. Kwenye 1:62,500 ni kama mita 31. Kwenye 1:24,000 ni mita 12. Viwango vya usahihi vya Wamarekani wenyewe, vya miaka ya 1940, vinafuata karibu kipimo hicho hicho: kwa ramani zenye skeli ndogo kuliko 1:20,000, asilimia 90 ya pointi zilizokaguliwa ziwe ndani ya sehemu moja ya hamsini ya inchi kwenye karatasi.

Kwa hiyo mtu akikulilia kwamba shiti yake ya 1886 imepishana mita 80 na picha ya setilaiti, mwambie alale, hiyo ni nzuri mno.

## Hatua ya 3: Tengeneza projeksheni ya shiti yako

Hapa ndo penye ugonjwa wenyewe, twende polepole.

Shiti za zamani za USGS zilichorwa kwa projeksheni ya polikoniki. Karatasi ya nyuzi 1 kwa 1 huko Utah siyo mstatili. Upande wa chini, kwenye nyuzi 37, una upana wa karibu kilomita 89. Upande wa juu, kwenye nyuzi 38, ni karibu kilomita 87.8. Tofauti ni zaidi ya kilomita moja, na kwenye karatasi ni kama milimita 4 na nusu, chukua rula pima utaiona.

Sasa we ukiiambia QGIS ikalishe hiyo karatasi moja kwa moja kwenye digrii, kwenye mfumo wa digrii hiyo shiti inatakiwa iwe mraba kamili, nyuzi 1 kwa 1. Na mageuzi (kanuni ya kuhamisha picha kwenda kwenye koodineti) ya kawaida, Polynomial 1, yanaweza kuvuta, kuzungusha na kulaza karatasi, ila hayawezi kugeuza umbo lililobanwa juu liwe mraba. Matokeo yake kila kona inabaki na kosa la karibu mita 290, kona za juu zinaingia ndani na za chini zinatoka nje. Unakliki upya kwa makini zaidi, kosa liko pale pale. Unakliki tena. Liko pale pale. Haliwezi kutoka kwa kukliki.

Dawa: nenda Settings, Custom Projections, tengeneza mpya, bandika hii:

`+proj=poly +lat_0=37 +lon_0=-111.5 +x_0=0 +y_0=0 +datum=NAD27 +units=m +no_defs`

Hiyo -111.5 ni longitudo ya katikati ya shiti. Shiti nyingine, weka katikati yake. Ipe jina utakalolikumbuka.

Onyo: shiti ya 1886 ilichorwa kabla datumu ya 1927 haijazaliwa. Tunaweka NAD27, yaani hiyo datumu ya 1927, kama kisimamizi cha karibu. Shiti nzima inaweza kubaki imehama kwa pamoja upande mmoja, na hilo tutalipima hatua ya 7, usilifiche sasa hivi.

## Hatua ya 4: Weka pointi, na chagua za kuaminika

Fungua Layer, halafu Georeferencer (kwenye matoleo ya zamani ilikuwa chini ya Raster). Ingiza JPEG.

Pointi zako zitoke kwenye makutano ya mistari ya latitudo na longitudo iliyochapwa kwenye shiti. Anza na kona nne, kisha makutano ya ndani. Kwenye shiti za dakika 15, alama zipo kila dakika 5, kwa hiyo ukihesabu na kona unapata makutano 16, yatumie yote. Kuza picha mpaka uone pikseli, kliki katikati ya unene wa mstari.

Kwenye kidirisha cha koodineti chagua mfumo EPSG:4267, yaani NAD27 ya digrii. Usiache WGS84 iliyojiweka yenyewe.

Longitudo ya magharibi inaandikwa na alama ya kutoa. Ukisahau, Escalante yako itaenda kutua mkoa wa Shanxi, China, na programu haitakuambia kitu, itakupongeza tu kwamba imemaliza.

Vitu ambavyo hutumii kama pointi:

Mto wenyewe. Najua unavutia, upo wazi, una kona nyingi. Lakini kwenye sehemu pana za bonde maji yanahama, na kwenye makorongo mchoraji wa miaka ya 1880 alikuwa hauoni, tutafika huko.

Ufuo wa ziwa Powell. Lango la bwawa la Glen Canyon lilifungwa Machi 1963, ziwa likajaa kwa mara ya kwanza tarehe 22 Juni 1980 kwa kimo cha futi 3,700, na mwanzoni mwa 2023 maji yalikuwa yameshuka hadi kama futi 3,520. Ufuo unaocheza kiasi hicho unakushikizia nini?

Njia za magari pia hapana, zimehamishwa mara nyingi.

## Hatua ya 5: Chagua mageuzi, soma makosa

Weka Polynomial 1. Projeksheni sahihi ishamaliza kazi ya umbo, kilichobaki ni karatasi kusinyaa, na karatasi husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, jambo ambalo Polynomial 1 inalimudu na Helmert (mageuzi yanayokuza pande zote kwa kiasi kimoja) hailimudu.

Sasa tazama safu ya Residual, yaani kosa lililobaki kwa kila pointi (hakikisha inasomeka kwa mita, siyo pikseli). Kwenye shiti ya 1:250,000 pointi zote zinatakiwa ziwe chini ya ile mita 125, na kama umekliki vizuri zitakuwa chini sana. Pointi moja ikiruka peke yake, umekosea kuandika dakika au sekunde, irekebishe. Zikiruka kwa mpangilio, kona za juu ndani na za chini nje, rudi hatua ya 3, projeksheni yako ina kasoro.

Onyo kubwa, andikeni ukutani: msikimbilie mageuzi ya Thin Plate Spline. Najua kuna video zinaisifia. Yenyewe inalazimisha kila pointi ikae pale ulipoisema, kwa hiyo makosa yatasomeka sifuri hata kama umeandika upuuzi mtupu. Inapinda ramani nzima ili uongo wako uwe kweli. Ina kazi zake, ramani ya mkono isiyo na gridi kwa mfano, ila kwa shiti yenye mistari iliyochapwa ni kujidanganya.

Umefaulu ukiona: makosa madogo yaliyotawanyika bila mpangilio, hamna upande wenye tabia yake.

## Hatua ya 6: Toa ramani na uihifadhi

Mfumo wa kutolea uwe ile polikoniki uliyotengeneza. Resampling (namna ya kujaza pikseli mpya) weka Cubic ili maandishi yasomeke, compression (kubana faili) LZW. Na hifadhi faili la pointi, lile la .points, ukilipoteza hilo umepoteza kazi yote maana hakuna atakayeweza kuikagua.

QGIS ikikuuliza kama ushushe gridi ya kubadilisha NAD27 kwenda mfumo mpya, kubali. Ni faili la NOAA (shirika la serikali ya Marekani), dogo, na tofauti kati ya kulitumia na kutolitumia inaweza kuwa mita kadhaa.

Kwa faida ya wale wanaopenda kufanya kazi kwa UTM (mfumo wa koodineti za mita unaogawa dunia kwa zone za nyuzi 6): Escalante ipo zone 12, na NAD27 yake ni EPSG:26712. Ukichukua namba za UTM zilizochapwa kwenye shiti ya NAD27 ukazisoma kama WGS84, ramani inahama kama mita 200 upande wa kaskazini-kusini pamoja na makumi ya mita mashariki-magharibi. Waliofanya kazi na shiti za Tanzania wanaijua hii stori, kwao ni Arc 1960 (datumu ya Afrika Mashariki) na kuhama kwenyewe ni kama mita 300. Ugonjwa ni ule ule.

## Hatua ya 7: Ipime na milima ya kweli

Tengeneza kivuli cha mwinuko kutoka kwenye data yako ya leo, kiweke chini, ramani ya 1886 juu, na kwenye rangi chagua Multiply ili uone zote mbili.

Anza na ukingo wa Straight Cliffs, ule ukuta mrefu unaoshuka kutoka uwanda wa Kaiparowits. Ndo kitu kinachoonekana vizuri zaidi kwenye bonde zima. Ukingo wa ramani na ukingo wa kivuli vimeachana kiasi gani, na upande gani? Pima sehemu kadhaa. Kama kila mahali ni umbali ule ule kuelekea upande ule ule, huko ni kuhama kwa datumu na longitudo ya enzi hizo, andika kiasi chake kwenye daftari. Unaweza kuisogeza nakala moja kwa kiasi hicho, lakini nakala ya msingi iache.

Sasa shuka kwenye makorongo, Coyote Gulch kwa mfano, utakuta mambo yamevurugika. Hapo usijilaumu.

Wapimaji wale walikuwa wanapanda kilele, wanasimamisha meza ya kuchorea, wanapima pembe za vilele vingine na kuchora wanachokiona. Mtandao wao wa pembetatu ulitoka kwenye mstari wa msingi uliopimwa karibu na Kanab. Vilele wamevishika, ukingo wa uwanda wameushika, ila shimo lililojificha kati ya miamba walilikisia. Na usidhani ni uzembe. Mwaka 1872 Almon Harris Thompson, aliyekuwa anasimamia upimaji wa John Wesley Powell, alipita na watu wake humo wakielekea mto Dirty Devil, wakadhani matawi waliyofikia ni ya Dirty Devil, mpaka walipotazama nchi kutoka juu wakakuta huo ni mto mwingine kabisa unaoenda Colorado kivyake. Kama waliosimama pale walichanganya mto mzima, kona ya korongo dogo ni nini.

Halafu ile futi 250. Korongo lenye kuta za futi 200 linaweza kukaa lote kati ya kontua mbili, kwa hiyo kwenye ramani pale ni tambarare safi. Mtu anasema "korongo hili halikuwepo 1886". Lilikuwepo bana, kontua ndo hazikuligusa.

Umefaulu ukiona: vilele na kingo zinakubaliana ndani ya mita 125 baada ya kuondoa kuhama kwa pamoja, na makorongo yanapishana bila utaratibu. Ukiona makorongo yanakaa na vilele vimekataa, kuna mtu amekunja ramani kwa Thin Plate Spline.

## Hatua ya 8: Kipimo cha ziwa kwa shiti za 1950

Rudia hatua ya 3 hadi 6 kwa shiti za dakika 15, ukibadilisha longitudo ya katikati. Hizi zimetumia picha za ndege, zitakaa vizuri zaidi.

Wengi hapa wanatafuta kontua ya futi 3,700 ili waone ufuo wa ziwa likiwa limejaa. Usiitafute, haipo. Kontua zikiachana futi 40 utakuta 3,680 na 3,720, zikiachana futi 80 utakuta 3,680 na 3,760. Ufuo wa ziwa lililojaa uko katikati yake.

Tumia ile ya juu. Kutoka kwenye data ya leo chora kontua ya mita 1,133.9 (futi 3,720) au mita 1,146.0 (futi 3,760), ilinganishe na ya kwenye shiti. Ya 3,680 iache, maana data yako ya mwinuko inaweza kuwa ilichukuliwa siku ambayo maji yalikuwa kimo hicho, utalinganisha mwamba na uso wa maji. Tofauti ya datumu za kimo, ya zamani na mpya, ni mita moja hivi, kwa kazi hii haikusumbui.

Linganisha kwenye vijikorongo vya pembeni vyenye mteremko wa pole. Kwenye ukuta uliosimama wima kontua zote zinalaliana, hata ukikosea kimo hutajua.

Na kuna shahidi mwingine wa bure: kwenye picha ya setilaiti kuta za ziwa zina utepe mweupe wa madini yaliyoachwa na maji. Ukingo wa juu wa huo utepe ni karibu futi 3,700. Unatakiwa uangukie kati ya kontua zako mbili. Ukiangukia, shiti imekaa.

## Hatua ya 9: Chora mto, halafu vuka mpaka wa shiti

Tumia GeoPackage (faili la kuhifadhia tabaka za ramani), tabaka moja la mito na moja la kontua. Kila mstari upewe jina la shiti, mwaka wa upimaji, na safu ya uhakika: umeonekana, umekisiwa, haujulikani. Kwenye shiti ya 1886 karibu makorongo yote yaingie "umekisiwa".

Mdomo wa Escalante haumo kwenye shiti yako ya nyuzi 1. Upo mashariki ya 111 magharibi, kwenye shiti ya jirani inayobeba milima ya Henry. Ile nayo ina katikati yake, -110.5, tengeneza projeksheni yake peke yake. Mpakani mistari inaweza isikutane. Usiiburuze ikutane kwa nguvu, acha pengo na uandike upana wake, maana hilo pengo ndo kipimo cha jinsi wapimaji wawili walivyotofautiana.

## Kwa wenye shiti za Y742 za Tanzania

Hatua ni zile zile ila badilisha vitu vichache. Y742 ni mfululizo wa ramani za Tanzania, skeli yake ni 1:50,000, kwa hiyo nusu milimita ni mita 25. Polikoniki huihitaji, tumia Arc 1960 ya UTM: EPSG:21035, 21036 au 21037 kulingana na zone, na kama shiti yako ina gridi ya kilomita chukua pointi kwenye makutano yake.

Wanaofanya bonde la Malagarasi wawe macho na longitudo 30. Uvinza ipo zone 36, ila mdomo wa mto kule Ilagala upo zone 35, kwa hiyo shiti za mwisho kabla ya ziwa Tanganyika zinakalishwa kwa 21035 na zilizobaki kwa 21036. Zote zikishakaa ndo uzihamishie mfumo mmoja. Ukianza na mfumo mmoja kabla ya kukalisha, mto utakatika hapo kwenye 30 na kuruka mbali, na hilo ndo swali nililoulizwa zaidi mwezi huu.